Uzuri Ulio Mlangoni Petu

Kijana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wetu alitujia majuzi akiwa na simu mpya mkononi na huzuni usoni. Simu ile aliinunua kwa akiba ya miezi mingi, hasa kwa ajili ya kamera yake, maana ana hamu kubwa ya kujifunza kupiga picha. Tukamwuliza, "Je, umekwisha kupiga nini?" Akajibu, "Sijapiga kitu, Mwalimu. Hapa Kenya kuna nini cha kupiga? Vumbi, mabati na makala. Kama ningekuwa Paris, hapo ningepiga."

Wasomaji walio mbali wajue kwamba Kenya tunayoitaja siyo nchi ile ya Nairobi na Mombasa. Kenya yetu ni komini mojawapo ya mji wa Lubumbashi, katika jimbo la Haut-Katanga, na makala tunayoyasema siyo ya gazeti bali ni yale ya kupikia, yaletwayo mjini juu ya baiskeli.

Hatukumkemea kijana huyo, kwa kuwa sisi wenyewe tulipata kuwa na mawazo kama yake. Sisi si wapiga picha wa kazi. Tu walimu, na kamera yetu ni ya Jumapili alasiri na ya siku za likizo. Lakini miaka michache ya kujaribu na kukosea imetufundisha mambo mawili, nayo ndiyo tunayotaka kuyaongea nanyi juma hili. La kwanza ni kwamba uzuri hauko mbali. Umeketi mlangoni petu ukingoja kutazamwa. La pili ni gumu zaidi: aliyekwisha kuupata uzuri huo aweza kuuharibu kwa mkono wake mwenyewe, usiku, akidhani anautengeneza.

Tuanze na la kwanza. Mwaka 1930, huko California katika Marekani, mpiga picha Edward Weston alichukua pilipili hoho moja, akaiweka ndani ya faneli ya bati, kama zile tunazomiminia mafuta ya taa, akaipiga picha. Bati lile liliurudisha mwanga juu ya pilipili kutoka pande zote, na mikunjo yake ikaonekana kama mgongo wa mtu aliyeinama. Picha ile yaitwa Pepper No. 30, na hata leo watu huisifu. Namba hiyo peke yake ni fundisho, maana yatuonyesha kwamba mtu yule hakuridhika na jaribio la kwanza. Basi, pilipili ni mali ya nani? Nani miongoni mwetu asiyeweza kupata pilipili sokoni? Weston hakuwa na kitu ambacho mama zetu hawana jikoni. Alichokuwa nacho ni saburi ya kukitazama.

Tulimwambia kijana wetu aende soko la Kenya asubuhi na mapema, asipige chochote, atazame tu. Aone jinsi akina mama wanavyopanga nyanya mafungu mafungu, kila fungu na kilele chake. Aone sahani za bati zenye maua zilizojaa dagaa, na uyoga uletwao katika mvua za kwanza ukiwa bado na udongo mguuni. Aone baiskeli ya muuza makala, magunia yamepanda hata kumfunika mwenyewe, miguu yake tu ikionekana ikisukuma. Kisha arudi nyumbani aitazame mbabula ya mama yake, makaa yakiwa mekundu gizani. Mtu asiyeuona uzuri wa mambo hayo hatauona hata Paris. Atapiga picha ya mnara ambao wengine wamekwisha kuupiga, kisha atarudi mikono mitupu.

Siri ya mambo haya yote ni mwanga. Neno fotografia lilitoka katika maneno mawili ya Kigiriki, moja likiwa na maana ya nuru na la pili maana ya kuandika. Mpiga picha ni mwandishi, na wino wake ni nuru. Wino huo haufanani saa zote. Saa sita mchana jua letu la Katanga husimama juu ya utosi na kutia kivuli cheusi katika matundu ya macho, hata mtu mwema akaonekana kama mwizi. Lakini asubuhi za Juni na Julai, wakati wa baridi, moshi wa majiko na vumbi jepesi huulainisha mwanga, nao huingia uani kwa upole kutoka upande. Asiyeweza kuamka mapema na amketishe mtu mlangoni, ndani kidogo ya kivuli, uso ukielekea nje. Mlango wa nyumba ya kawaida ni taa bora kuliko taa nyingi zinazouzwa.

Tena, msogelee unayempiga. Picha nyingi za wanaoanza zina kasoro moja, nayo ni umbali. Tena, kabla ya kubonyeza, tazama pembe nne za picha, usije ukapata nusu ya ndoo na mguu wa mbuzi usiokuhusu. Na zaidi ya yote, omba ruhusa. Mtu si nyanya. Mama akikataa, mshukuru na uende zako. Askari na majengo ya serikali waache kabisa.

Sasa tuje kwenye jambo la pili. Picha ikishapigwa, siku hizi haijaisha. Twaweza kuitengeneza, au kama wasemavyo vijana, kuihariri, katika simu ile ile, kwa programu kama Snapseed ambayo hupatikana bila malipo. Wako wazee wasemao kwamba kufanya hivyo ni udanganyifu, na kwamba zamani picha ilikuwa picha. Kwa heshima zote, hatuwezi kukubaliana nao. Kutengeneza picha ni kazi ya zamani karibu sawa na upigaji picha wenyewe. Katika miaka ya 1850, Mfaransa Gustave Le Gray alipiga picha za bahari. Dawa za siku zile hazikuweza kupokea vizuri bahari na mbingu kwa pamoja. Maji yakitoka sawa, mawingu yalipotea katika weupe. Basi Le Gray katika baadhi ya picha zake alipiga maji katika kioo kimoja na mawingu katika kioo kingine, akaviunganisha alipochapa. Je, alidanganya? Macho yake yalikuwa yameona maji na mawingu pamoja; chombo ndicho kilichokuwa dhaifu. Yeye alikisaidia chombo kifikie pale macho yalipofika.

Lakini mkono ule ule waweza kufanya kazi nyingine. Katika Urusi ya Stalin, Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri, alikuwa amepigwa picha akiwa kando ya bwana wake kwenye ukingo wa mfereji. Mwaka 1940 aliuawa, kisha akafutwa pia katika picha. Mahali aliposimama pakabaki maji tu. Le Gray aliongeza kile ambacho macho yaliona. Wale wengine waliondoa kile ambacho watu waliona, ili kisikumbukwe.

Huenda msomaji akasema, "Mambo hayo ni ya wakuu wa dunia, sisi yatuhusu nini?" Yatuhusu. Na turuhusiwe kuungama kosa letu wenyewe.

Jirani yetu ni mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye tanuri la shaba. Sasa kila asubuhi huketi mlangoni pake juu ya kreti iliyopinduliwa, akishona viatu vya mtaa mzima. Asubuhi moja ya Juni, jua likiwa bado chini, tulimwona ameinua sindano mbele ya macho ili apitishe uzi. Mwanga ulimpata shavuni. Tukamwomba ruhusa, akaitika kwa kichwa bila kuacha kazi yake, tukapiga. Katika miaka yetu yote ya kushika kamera hatujapata picha iliyo bora kuliko ile.

Usiku umeme uliporudi, tukaketi kuitengeneza. Kwanza tukainyoosha, maana ilikuwa imeinama kidogo. Hapo tulifanya vema. Tukakata ukingo wa kushoto wenye nusu ya ndoo. Vema tena. Tukaongeza nuru kidogo katika vivuli ili macho yake yaonekane. Hata hapo hatukukosa. Lakini mkono uliozoea hauachi. Tukaona waya wa umeme juu ya mlango, tukauondoa. Tukaona ufa ukutani, tukauziba, na kwa kweli tulifurahi kuona jinsi ulivyozibika upesi kuliko kwa saruji. Tukalainisha mikunjo ya paji la uso. Tukaongeza weupe, na ngozi ikatakata. Mwisho tukaliona kovu lake, ngozi iliyokunjamana kutoka chini ya jicho hata kwenye taya. Tukasema moyoni, "Tumpendezeshe mzee wetu." Kwa kidole kimoja tukalifuta. Kisha, kwa usingizi na kwa kiburi, tukahifadhi picha juu ya ile ya kwanza bila kutoa nakala.

Tukaichapisha katika karatasi nzuri, tukampelekea ndani ya bahasha. Mzee aliitazama muda mrefu. Kisha akauliza kwa upole, "Mwalimu, huyu ni nani?"

"Ni wewe, Mzee."

Akamwita mkewe, "Mama, njoo umwone mdogo wangu. Sikujua kama ninaye."

Mama akacheka. Mzee hakucheka. Aliweka kidole shavuni pake, akasema, "Siku tanuri lilipotema moto, tulikuwa wawili tumesimama pale. Mimi nilirudi nyumbani. Mwenzangu hakurudi. Sina picha yake hata moja, Mwalimu. Kila asubuhi ninaponyoa ndevu, nikipitisha wembe hapa, ndipo ninamkumbuka."

Wasomaji, hatukuwa na neno la kujibu. Tulimwahidi kwamba tutamletea picha ile ya kwanza, tukakimbia nyumbani kuitafuta. Haikuwako. Tulikuwa tumeifuta wenyewe pamoja na kovu. Juma lililofuata mzee alisafiri kwenda Kolwezi kwa binti yake ili atibiwe macho, asirudi hata mvua zilipoanza. Baridi ya Juni ilikuwa imekwisha, na uso wa asubuhi ile ulikuwa umekwenda nayo.

Tangu hapo tumejiuliza mara nyingi, kosa lilianzia wapi? Halikuanzia kwenye kunyoosha, wala kwenye nuru ya vivuli. Lilianza pale tulipoacha kuuliza, "Tuliona nini?" tukaanza kuuliza, "Tungependa kuona nini?" Waya, ufa, kovu na rangi ya ngozi tuliviona sote kwa macho asubuhi ile. Tuliviondoa kwa sababu tuliviona haya. Na haya hiyo haikuwa ya mzee, ilikuwa yetu.

Tena yafaa tujue kwamba hata vyombo vyenyewe hutusukuma upande huo. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilitumia kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu kuwa kipimo cha rangi ya ngozi. Mashine ikipimwa kwa ngozi ile, nyuso zetu zilitoka kama kivuli chenye meno. Leo mambo yamekuwa afadhali, lakini simu nyingi zina kitufe cha kupendezesha uso, na kazi yake ni kulainisha ngozi, mara nyingi na kuieupisha pia. Akina dada wetu wengine huharibu ngozi zao kwa krimu. Wengine huiharibu katika simu. Kwa hiyo kabla ya kupiga, tafuteni kitufe hicho mkizime. Ngozi nyeusi haihitaji kufutwa. Yahitaji mwanga kutoka upande, ili ing'ae yenyewe.

Je, maana yake tusiguse kitu kabisa? Sivyo. Hapa mjini petu tunaye mwalimu mkubwa wa jambo hili. Sammy Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Alianza na vibonzo, kisha akageukia kamera. Katika kazi yake iitwayo Mémoire, yaani Kumbukumbu, ya mwaka 2006, alichukua picha za zamani za siku za ukoloni, za watu wa migodi ya Katanga wakati wa Union Minière. Akawakata watu wale kutoka katika picha zao, akawasimamisha, wakiwa katika weusi na weupe wao wa zamani, ndani ya picha za rangi alizozipiga mwenyewe za viwanda vilivyochakaa. Wafanyakazi wale watutazama wakiwa mbele ya mabati yenye kutu na uwanja mtupu. Mwaka 2007 kazi yake ilituzwa huko Bamako, katika Mali, na mwaka 2008 alishiriki kuanzisha hapa Lubumbashi chama kiitwacho Picha, ambacho huandaa maonyesho makubwa ya sanaa.

Basi angalieni. Baloji amekata na kubandika zaidi kuliko tulivyofanya sisi usiku ule. Lakini hakumdanganya mtu. Kila atazamaye hujua mara moja kwamba watu wale na mahali pale havikukutana mbele ya kamera moja. Rangi zenyewe zasema. Yeye alitengeneza picha ili waliosahauliwa warudi waonekane. Sisi tulitengeneza ili kilichoonekana kisionekane tena. Wembe ni mmoja. Mwingine hunyolea, na mwingine hukatia shavu.

Kwa faida ya vijana wanaoanza, tuseme sasa desturi tunazozifuata tangu kosa lile. Kwanza, picha ya asili haiguswi kamwe. Tunafanya nakala, na nakala ndiyo inayotengenezwa. Akiba ya picha za asili huwekwa mahali pengine pia, maana simu huibwa na huanguka. Pili, tunafuata taratibu moja: kunyoosha, kukata kingo, kurekebisha nuru, kisha rangi, basi. Tatu, hatumalizi usiku ule ule. Macho yaliyochoka hupenda chumvi nyingi, kama ulimi wa mgonjwa. Asubuhi twaona kwamba tulizidisha, nasi hurudisha nyuma nusu ya tulichoongeza. Nne, tunaiweka picha iliyotengenezwa kando ya ile ya asili na kujiuliza kama mtu aliyekuwapo angesema, "Ndivyo ilivyokuwa." Tano, ikiwa tumeongeza au kuondoa kitu kwa ajili ya sanaa, twasema wazi. Na mwisho, mwenye uso ndiye hakimu. Hatumpi mtu mwingine picha kabla ya mwenyewe kuiona. Naye akiomba kovu lake lifichwe, ni haki yake kuomba. Lakini sisi hatuna haki ya kumtangulia.

Mtauliza habari za mzee. Alirudi kutoka Kolwezi mwezi wa Novemba, amekonda. Tulimwomba tena, naye akakubali bila kinyongo. Siku ile mbingu zilikuwa na mawingu, na uzi alipitisha mjukuu wake, maana macho ya mzee hayawezi tena. Picha ya pili haina mwanga wa ile ya kwanza, wala waya juu ya mlango hatukuugusa. Tulinyoosha tu na kuongeza nuru kidogo. Kovu lipo, kutoka chini ya jicho hata kwenye taya. Tulipompelekea, aliishika mbali, kisha karibu, akasema, "Huyu namfahamu." Picha hiyo imetundikwa ukutani kwake. Ile nyingine iko katika saraka yetu, nasi huitoa tunapoona mkono umeanza kuwa mwepesi mno.

Na kijana wetu je? Amerudi Jumamosi iliyopita. Ametuonyesha picha ya mbabula ya mama yake, alfajiri, makaa yakimulika sufuria la bukari na vidole vya mama vikishika mwiko. Mbabula ile ina tundu ubavuni, kutu imeila. Tukamwuliza kama hakutaka kuliziba. Akatutazama kwa mshangao, akasema, "Lakini Mwalimu, mwanga wote unatokea hapo."

Hatukuwa na la kuongeza. Nanyi wasomaji, juma hili kila mmoja na achague kitu kimoja cha nyumbani kwake, kile anachokipita kila siku bila kukitazama, akipige picha asubuhi, na aitunze picha ya asili. Na kama nyumbani kuna mzee, mwanzeni yeye, maana mbabula yaweza kungoja.